Mchezo Umechangamka, Hesabu Haionekani: Utatuzi wa Matatizo kwa Walimu wa Chekechea wa Goma

Mwalimu wa chekechea anayefundisha hesabu kwa njia ya mchezo hukutana na matatizo ambayo mwenzake wa ubao na chaki hayaoni. Mbele ya ubao watoto wote huitikia kwa pamoja, na kosa la mmoja humezwa na sauti za wengi, ilhali katika mchezo kila mtoto huonekana peke yake na asichokijua hujitokeza wazi. Kwa hiyo baadhi ya dalili zinazoelezwa hapa chini hazimaanishi kwamba mchezo umeshindwa, bali kwamba umefichua jambo lililokuwapo tangu mwanzo wa mwaka.

Kabla ya kutafuta sababu ya dalili yoyote, mwalimu ajiulize swali moja: je, mtoto anaweza kuucheza mchezo huu mpaka mwisho, akafurahi na hata akashinda, bila kufikiria idadi hata mara moja? Jibu likiwa ndiyo, kasoro iko kwenye mchezo wenyewe, na haifai kumlaumu mtoto wala kuirudisha darasa zima kwenye kukariri. Jibu likiwa hapana na bado mtoto anakwama, ndipo tuanze kumtazama mtoto.

Dalili: anahesabu mpaka ishirini, lakini akiombwa vifuniko vitano analeta kiganja kizima

Hii ndiyo dalili inayowachanganya walimu na wazazi kuliko zote, kwa sababu mtoto anayetaja majina ya namba bila kusita anaonekana kuwa amekwisha kujua hesabu. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kazi yao ya mwaka 1978, walionyesha kwamba kuhesabu ni mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja, na matatu kati yake ndiyo yanayotuhusu zaidi hapa: kuyataja majina ya namba kwa mpangilio usiobadilika, kukipa kila kitu jina moja tu, na kuelewa kwamba jina la mwisho ndilo linalotaja wingi wa vitu vyote. Mtoto anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na kuwa na la pili bila la tatu.

Ili kujua kinachokosekana, panga vifuniko saba vya soda kwa mstari, mwombe mtoto avihesabu, kisha utazame kidole chake badala ya kuisikiliza sauti yake. Kidole kikitangulia sauti, au sauti ikitangulia kidole, au kifuniko kimoja kikipata majina mawili, tatizo ni la kukipa kila kitu jina lake. Dawa yake ni michezo ambamo kitu kinahamishwa kila kinapotajwa, kwa sababu kitu kilichokwisha kuhama hakiwezi kuhesabiwa tena. Trei ya mayai iliyokatwa vipande vya mashimo matano matano inafaa sana: jiwe moja kwa kila shimo, na jina moja kwa kila jiwe. Chukudu ndogo (ile baiskeli ya kusukuma inayobeba mizigo mjini) ya mbao, au hata ya katoni, inafanya kazi ileile, ikiwa mpakiaji hapandishi gunia linalofuata mpaka msukumaji ataje namba yake. Mtoto wa Goma amewaona wapakiaji wakihesabu mizigo kwa sauti, na hahitaji kuelezwa kwa nini msukumaji anataka kujua amebeba magunia mangapi.

Kidole kikienda sawa na sauti, muulize baada ya kuhesabu: «Ni vingapi?» Akianza upya kuhesabu, au akitaja namba nyingine kabisa, hajaelewa kwamba jina la mwisho ndilo jibu. Karen Wynn, aliyechunguza jambo hili kwa kuwaomba watoto wampe idadi fulani ya vitu, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba watoto hulifikia hatua kwa hatua: kwanza wanaijua moja peke yake, baadaye mbili, kisha tatu, na kati ya hatua moja na nyingine huweza kupita miezi. Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea kipimo. Mtoto anayeijua mbili akiombwa tano hatajifunza tano. Atajifunza tu kwamba mwalimu huridhika au hukasirika bila sababu inayoeleweka. Mwombe moja, kisha mbili, kisha tatu, na pale anapoanza kubeba kiganja kizima ndipo somo lake linapoanzia. Fanya kazi na namba hiyo moja kwa siku kadhaa kabla ya kwenda mbele.

Mchezo ninaoupendekeza kuliko mingine kwa hatua hii ni ule wa mafungu. Katika soko la Virunga, kama katika masoko yetu yote, mama anayeuza nyanya hazipimi kwa mizani; anazipanga mafungu yanayolingana, kwa mfano tatu chini na moja juu, na mnunuzi huona kwa jicho moja kwamba fungu limepungua. Jicho la mwanadamu hutambua vitu vitatu au vinne bila kuvihesabu kimoja kimoja, na uwezo huo tayari uko kwa mtoto mdogo. Wape watoto wanne kikapu cha mipira ya karatasi iliyopakwa rangi nyekundu, waambie kila fungu liwe la tatu, na umteue mmoja wao awe mnunuzi anayekataa fungu lililopungua au lililozidi. Fungu likikamilika, mwalimu ataje kwanza idadi nzima, «nyanya tatu», kisha ahesabu mbele yao «moja, mbili, tatu», kisha arudie «nyanya tatu». Kuitaja idadi nzima kabla na baada ya kuhesabu ndiko kunakomwonyesha mtoto kwamba neno la mwisho lina kazi mbili. Mwalimu anayehesabu tu na kunyamaza anamwachia mtoto aligundue jambo gumu kuliko yote peke yake.

Mchezo huu unalijibu swali tulilouliza mwanzoni, kwa sababu muuzaji asiyeijua tatu hawezi kuuza, na anayemwambia hivyo ni mnunuzi, si mwalimu.

Dalili: duka linauza tangu asubuhi, na hakuna aliyehesabu

Kona ya duka ipo, makopo matupu yapo, noti za karatasi zipo, na watoto wanapiga kelele za furaha. Lakini mnunuzi anatoa noti yoyote, muuzaji anatoa kitu chochote, na biashara inaendelea. Sababu ni kwamba duka hilo halina upungufu. Mahali ambapo vitu havina mwisho na bei haina maana, hakuna anayelazimika kuhesabu.

Weka kikomo. Duka lianze siku likiwa na pakiti tano tu za makala (mkaa), na muuzaji awe na wajibu wa kumwambia «tajiri wa duka» ni ngapi zimebaki kila baada ya mauzo. Au mnunuzi apewe kikaratasi chenye nukta: nukta tatu kando ya picha ya samaki, nukta mbili kando ya picha ya chupa. Hatakiwi kusoma, anatakiwa kulinganisha. Wale waliokwisha kuzijua tano wanaweza kuuziwa kwa bei ya kokoto mbili kwa kila kitu, na hapo utaona wakianza kugawana na kubishana, jambo ambalo ni dalili njema. Nisingependekeza kutumia bei halisi za franka na watoto wa umri huu, kwa kuwa namba za mamia na maelfu ni sauti tupu kwao, hata kama wamezisikia nyumbani kila siku.

Dalili: wamecheza mbio za kete mara nyingi, na uelewa haujasogea

Mbio za kete, yaani kurusha kete na kusogea chumba kwa chumba kwenye njia iliyochorwa, ni miongoni mwa michezo michache ya hesabu ya utotoni iliyochunguzwa kwa makini. Robert Siegler na Geetha Ramani waliripoti mwaka 2008 kuhusu watoto wa chekechea wa familia zenye kipato cha chini nchini Marekani, waliocheza kwenye njia iliyonyooka yenye vyumba vya 1 mpaka 10. Vipindi vichache vya takriban dakika 15, ndani ya majuma mawili hivi, vilitosha kuwasogeza mbele katika kulinganisha namba na kutambua mahali pake kwenye mstari, wakati wenzao waliocheza mchezo uleule kwenye vyumba vyenye rangi bila tarakimu hawakuipata faida hiyo. Funzo hapa ni zito: watoto wa makundi yote mawili walicheza, lakini mchezo mmoja tu ndio uliobeba hesabu.

Kwa hiyo mchezo wako usipozaa kitu, kagua mchoro kwanza. Je, kila chumba kina tarakimu? Je, njia imenyooka kutoka kushoto kwenda kulia, au imepindapinda kama nyoka mpaka mtoto hajui kama kumi iko mbali na moja au iko jirani yake? Mduara unapendeza machoni, lakini huificha maana hii.

Ukikuta mchoro uko sawa, sikiliza jinsi watoto wanavyosogea. Mtoto aliye kwenye chumba cha 3 na kupata hatua mbili anapaswa kusema «nne, tano», yaani majina ya vyumba anavyovikanyaga. Wengi husema «moja, mbili», na kwa kusema hivyo wanarudia kila zamu jambo wanalolijua tayari, huku tarakimu zikibaki mapambo ya sakafuni. Mwalimu asisahihishe kwa maneno mengi. Acheze zamu yake mwenyewe na kutaja vyumba kwa sauti, na wakati wa zamu ya mtoto atangulie kulitaja jina la chumba alichomo: «Uko tatu…» Kosa la tatu ni la mtoto anayekihesabu chumba alichosimama kama hatua ya kwanza. Hilo huisha haraka mchezo ukichezwa kwa miguu, kwenye vyumba vikubwa vilivyochorwa uwanjani, kwa sababu mwili hauwezi kuruka kwenda mahali ulipo tayari.

Gharama ya mchezo huu ni chaki tu. Badala ya kete, rusha kifuniko cha soda: upande wenye rangi ukiwa juu ni hatua moja, upande wa ndani ukiwa juu ni hatua mbili. Mchezaji mmoja atumie kokoto na mwingine kipande cha makala. Makala huchafua vidole, lakini huacha alama ya njia iliyopitwa, na baada ya mchezo watoto wanaweza kuirudia na kusimuliana nani alitangulia wapi.

Dalili: anakwama baada ya kumi, au anachanganya orodha mbili

«Moja, mbili, trois, quatre, tano.» Mtoto wa Goma husikia namba kwa Kiswahili nyumbani na uwanjani, kwa Kifaransa darasani, na mara nyingi kwa lugha ya tatu kwa bibi yake. Mchanganyiko huu haumaanishi kwamba hana akili ya hesabu. Tatizo huanza pale mwalimu anapofundisha wingi na jina geni kwa wakati mmoja, kwa sababu mtoto akishindwa huwezi kujua ameshindwa lipi.

Wingi ufundishwe kwa lugha ambayo mtoto huchezea. Sheria ya Kongo ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia, kwa hiyo mwalimu anayefanya hivyo hajifichi. Kiswahili kina faida kubwa hasa baada ya kumi: «kumi na moja» na «kumi na mbili» zinaonyesha zenyewe jinsi zilivyoundwa, ilhali «onze» mpaka «seize» za Kifaransa lazima zikaririwe moja moja kama majina ya watu. Trei mbili za mashimo matano matano zikijazwa, na jiwe moja likabaki nje, mtoto anaiona kumi na moja kama anavyoitamka. Akishaielewa, jina la Kifaransa huwekwa juu ya kitu anachokijua, na halimsumbui. (Angalau sisi tunaosema «septante» na «nonante» tumeepushwa na hesabu za ajabu za Ufaransa katika sabini na tisini, lakini hayo ni ya shule ya msingi.) Katika mchezo mmoja itumike orodha moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Mtoto anayehesabu «moja, mbili, tatu» kisha akasikia «mawe mawili», «vifuniko viwili» na «watoto wawili» anaweza kudhani ni maneno mapya. Wanaoanza wapewe kwanza vitu ambavyo namba yake haibadiliki kuanzia mbili hadi tano, kama nyanya, chupa na karanga. Mawe na vifuniko vifuate baadaye.

Dalili: mwalimu akikaribia, mchezo unazimika

Watoto walikuwa wakizungumza, mwalimu akainama na kuuliza «Hizi ni ngapi? Na hizi?», nao wakanyamaza, wakanyoosha migongo kama mbele ya mkaguzi. Wametambua swali la mtihani. Anayeuliza jambo analolijua amekwisha kuuondoa mchezo mahali hapo.

Ingia kama mhusika mwenye haja. Mnunuzi anasema: «Nina wageni wanne leo, unipe samaki watakaotosha kila mtu wake.» Halafu nyamaza, tena kwa muda mrefu kuliko unavyoona inafaa. Njia nyingine ni kukosea kwa makusudi, au kumpa kosa hilo mwanasesere wa kitambaa: anaruka namba, anahesabu jiwe moja mara mbili, anasema tano ni nyingi kuliko saba. Gelman alitumia mwanasesere wa namna hii katika utafiti wake, na watoto ambao hawakuweza bado kuhesabu safu ndefu bila kosa waliweza kuligundua kosa la mwanasesere. Mtoto mwoga, hasa aliyehamia mjini katikati ya mwaka, atamsahihisha mwanasesere wiki kadhaa kabla ya kuthubutu kumjibu mwalimu.

Dalili: kati ya safu mbili zenye vitu sawa, moja ikinyooshwa, anasema imeongezeka

Kwa umri huu hilo si tatizo. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliliona kuwa hatua ya kawaida ya ukuaji. Mwaka 1974 watafiti McGarrigle na Donaldson walionyesha pia kwamba safu ikivurugwa na kikaragosi mtundu badala ya mtu mzima, watoto wengi zaidi hujibu sawasawa. Mtu mzima akigusa vitu na kurudia swali lilelile, mtoto huhisi anatakiwa kubadili jibu. Usimfundishe kwa nguvu. Endeleeni na mafungu.

Dalili: vifaa vinapotea, vinarushwa au vinaishia puani

Mawe meusi ya Nyiragongo, volkano yetu, hayana bei na yamejaa kila kona, lakini yana kingo kali zinazochuna vidole. Tumia yale yaliyolainishwa na maji ya ziwa. Vifuniko vya soda vigongwe kingo kwa nyundo kabla ya kuletwa darasani. Kitu chochote chenye upana chini ya sentimita 4 hakifai kuachwa mikononi mwa mtoto ambaye bado hupeleka kila kitu mdomoni. Maharage mabichi ningeyaacha kabisa: mekundu yana sumu yasipopikwa vizuri, yakiingia puani hufura, na isitoshe si jambo la staha kuchezea chakula mbele ya mtoto ambaye huenda amekuja bila kula.

Vikirushwa, mara nyingi watoto ni wengi kuliko kazi. Watoto ishirini wanaozunguka mchezo mmoja hawawezi kusubiri zamu, wala hatupaswi kuwalaumu. Gawa makundi ya wanne, kila kundi na mfuko wake wa vifaa kumi vilivyohesabiwa. Na kurudisha vifaa mfukoni kuwe sehemu ya mchezo, kwa maana kundi halitoki nje mpaka viwe kumi. Ndiyo hesabu ya dhati kuliko zote za siku hiyo, na huokoa vifaa.

Dalili: mzazi anauliza ni lini watoto wataanza kusoma

Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019 inahusu shule za msingi za serikali. Mzazi wa chekechea analipa, na ana haki ya kuuliza. Daftari tupu linamtia wasiwasi, na mkurugenzi anayeogopa kumpoteza mzazi humwamuru mwalimu ajaze kurasa za tarakimu. Maelezo marefu kuhusu manufaa ya mchezo hayasaidii. Mkabidhi mzazi mfuko wa vifuniko, amwombe mwanawe vitano mwenyewe; kisha aongeze kimoja na kuuliza sasa ni vingapi. Mtoto akijibu «sita» bila kurudi kwenye moja, mzazi ataona jambo ambalo kurasa kumi za tarakimu haziwezi kumwonyesha.

Maandishi nayo yana nafasi yake, maadamu yanatokana na haja ya mchezo. Washindi wa mbio za kete waandikwe kwa chaki kwenye vibao vyao, kwanza kwa mistari, baadaye kwa tarakimu. Vibao hivyo vitundikwe mlangoni siku ya Ijumaa.

Dalili: kila kitu kimerekebishwa, na mtoto mmoja bado hasogei

Mtoto anayekaribia miaka sita, ambaye amecheza mafungu kwa muhula mzima kwa lugha yake na bado hawezi kutoa vitatu, anahitaji kutazamwa kwa upande mwingine. Msemeshe ukiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Muweke mbali na mafungu, kisha karibu, uone kama jibu linabadilika. Waulize wazazi kuhusu masikio yanayotoa usaha, kuhusu usingizi na kuhusu chakula cha asubuhi, kisha umwelekeze kituo cha afya ukiwa na maelezo mafupi ya ulichokiona: anahesabu mpaka ngapi kwa sauti, anaweza kutoa vingapi, na tangu mwezi gani hali haijabadilika. Wakati huo asiondolewe mchezoni. Apewe kazi ya mnunuzi wa fungu la mbili, na kundi lake liendelee naye.